Ivan Mauger na pikipiki isiyo na breki

 

Pikipiki ninayotaka tuizungumze jioni hii haina breki. Haina ya mbele wala ya nyuma. Ina gia moja tu, na injini ya silinda moja yenye cc 500, zaidi ya mara tatu ya ile Boxer ya cc 150 iliyokupeleka kazini asubuhi. Tenki lake halitiwi petroli, linatiwa methanoli. Haina taa, haina honi, haina kiti cha abiria. Klachi ikiachiwa, pikipiki hiyo inafikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa kama sekunde tatu, na dereva wake akifika kwenye kona hana cha kuminya. Anailaza. Kona inakwenda kushoto, gurudumu la nyuma linateleza kuelekea kulia, la mbele naye analielekeza kulia, na chombo kizima kinapita ubavu ubavu huku kikimwaga udongo juu ya wanaofuata.

Mchezo huo unaitwa spidiwei. Madereva wanne wanajipanga nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne kwenye njia ya udongo yenye umbo la yai, daima kinyume cha mwendo wa saa, na kwa dakika moja hivi kila kitu kimekwisha. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne anarudi mikono mitupu. Inasemwa kwamba ulianza Desemba 1923 huko West Maitland, Australia, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwaka 1928 ukaingia Uingereza, na mwaka 1936 bingwa wa kwanza wa dunia akapatikana katika uwanja wa Wembley. Leo makao yake makubwa ni Poland, ambako miji ya kawaida tu hujaza viwanja kwa ajili ya ligi ya pikipiki kama sisi tunavyoujaza Uwanja wa Karume hapa Musoma timu yetu ya Biashara United inapokuwa na mechi kubwa.

Unaweza kuniuliza inatuhusu nini sisi watu wa Mara, ambao hatuna uwanja wa namna hiyo hata mmoja. Inatuhusu kwa sababu ya mguu wa kushoto.

Dereva wa spidiwei huvaa kiatu cha chuma mguu wa kushoto. Ni soli ya chuma inayofungwa juu ya buti, imesuguliwa ikawa laini, na kwenye kona anaishusha chini ili imbebe wakati pikipiki imelala. Sasa mvua ikinyesha, simama mahali popote ambapo lami inaishia na barabara ya udongo inaanza, barabara ya kuingia mtaani au ya kwenda kijijini kutoka Makutano. Mtazame kijana wa bodaboda akiingia pale na abiria mmoja na gunia la dagaa. Nyuma panateleza. Hashiki breki, maana anajua akiishika wataanguka wote. Anapunguza moto kidogo, anageuza usukani kuelekea upande ule ambao gurudumu la nyuma linakimbilia, anashusha mguu, soli inagusa matope, anausukuma mwili wake juu ya tenki, na pikipiki inanyooka. Abiria hata simu hajaiondoa sikioni. Kitendo kile ndicho kile kile ambacho watu hulipa kiingilio kukiangalia Ulaya. Tofauti ni kwamba mguu ulioshuka chini hapa kwetu umevaa ndala.

Na tofauti nyingine, ambayo ndiyo iliyonifanya niandae mazungumzo haya: yule wa Ulaya alichukua miaka mingi kufundishwa. Huyu wa kwetu alifundishwa mchana mmoja kwenye kiwanja cha mpira, jioni akapewa abiria.

Nitawasimulia habari za dereva mmoja wa spidiwei, Ivan Mauger. Wapo mabingwa wa karibuni zaidi, akiwemo Mpolandi Bartosz Zmarzlik, ambaye mwaka 2025 alichukua ubingwa wa dunia kwa mara ya sita na kuwa sawa na Mauger mwenyewe pamoja na Msweden Tony Rickardsson. Hao watatu ndio waliofika sita, hakuna mwingine. Nimemchagua Mauger kwa sababu ya miaka ambayo hakuwa ameshinda chochote.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1939 katika mji wa Christchurch, New Zealand, nchi iliyo mbali kiasi kwamba mtu wa London wakati ule alifika huko kwa wiki kadhaa za meli. Mji huo peke yake umelea mabingwa watatu wa dunia wa spidiwei. Ronnie Moore alichukua mara mbili, 1954 na 1959. Barry Briggs mara nne, 1957, 1958, 1964 na 1966. Mauger akaja kuchukua sita. Ubingwa 12 wa dunia kutoka mji mmoja! Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu ni kwamba hewa ya Christchurch haina dawa ya pekee. Palikuwa na uwanja, Aranui, na palikuwa na watu wa kuwatazama. Majira ya baridi ya Uingereza, ligi inapolala, ni kiangazi cha New Zealand, na madereva wakubwa walirudi nyumbani kukimbia. Mtoto wa pale aliweza kusimama kwenye uzio akamwona kwa macho yake mtu wa mtaa wake ambaye amekwenda akashinda. Ukishamwona mtu wa namna hiyo akinunua mkate dukani kwenu, dunia inapungua ukubwa.

Mwaka 1957, akiwa na miaka 17, Mauger na mkewe kijana Raye walikwenda Uingereza. Alifikia klabu ya Wimbledon, London. Moore na Briggs, wenzake wa Christchurch, walikuwa wamejijengea jina katika klabu hiyo hiyo, na Briggs alikuwa anachukua ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka ule ule. Kijana wetu akapata kazi ya kutunza uwanja. Udongo wa njia unachimbuliwa kila pikipiki zinapopita, lazima mtu aurudishe, ausawazishe, aumwagilie maji. Alipata nafasi chache za kukimbia na hakung'ara. Muda ukapita, fedha ni ndogo, jina hana. Wakarudi kwao.

Hapo, msikilizaji, hadithi za vijana wengi huishia. Aliyekwenda mjini akashindwa akirudi nyumbani hupokewa kwa maneno, na maneno huvunja mtu kuliko njaa. Mauger alirudi, akafanya kazi, akaendelea kukimbia nyumbani na baadaye Australia. Huko Adelaide alimkuta Jack Young, bingwa wa dunia wa 1951 na 1952, mtu mzima aliyekuwa anaumaliza mwendo wake, akajifunza kwake. Hakuna magazeti ya London yaliyoandika habari za miaka hiyo. Hakuna kombe la dunia ndani yake. Lakini ukiniuliza mimi bingwa alipatikana wapi, nitakwambia alipatikana hapo, kati ya 1958 na 1963.

Mwaka 1963 promota Mike Parker akamchukua kwenda Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, katika Ligi ya Majimbo. Ile ilikuwa ligi ya chini, ligi ambayo nyota wa London hawakuitazama mara mbili. Mauger akaingia akashinda ubingwa wa madereva wa ligi hiyo mwaka ule ule, akaurudia 1964, na 1964 Newcastle wakachukua ligi. Tangu hapo alipanda daraja moja baada ya jingine: bingwa wa Ulaya 1966, na mwaka huo huo fainali yake ya kwanza ya dunia, akawa wa nne. Mwaka 1967 akawa wa tatu. Mwaka 1968, mjini Gothenburg, Sweden, alikimbia mara tano, akashinda zote tano, pointi 15 kati ya 15. Bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 28.

Hesabu kidogo. Kutoka 17 hadi 28 ni miaka 11. Miaka 11 tangu aliposhuka London akiwa na ndoto hadi aliposimama juu kabisa, na hapo katikati hapakuwa na mkato.

Waliomjua Mauger hawakumsifu kwanza kwa ujasiri. Walimsifu kwa maandalizi. Pikipiki zake zilikuwa safi kama zinakwenda harusini, vifaa vimepangwa, udongo wa uwanja ameutembelea kwa miguu na kuuangalia kabla ya kuwasha injini. Na kilichomfanya awe Mauger kilikuwa mwanzo. Spidiwei huamuliwa mara nyingi ndani ya mita chache za kwanza, kwa sababu atakayeingia kona ya kwanza mbele anawamwagia wenzake udongo usoni, na kumpita mtu huku huoni ni kazi ya wachache. Kwa hiyo tazama pale kwenye utepe. Una dakika mbili za kufika. Unajipanga, unakwaruza udongo kwa buti mpaka gurudumu la nyuma lipate mahali pa kuuma. Injini inalia juu kabisa, klachi umeibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, kifua kimelala juu ya usukani ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Ukiugusa utepe, umetoka. Ukichelewa robo ya sekunde, umekwisha. Mauger aliyafanyia mazoezi hayo maelfu ya mara mpaka mkono ukajua wenyewe. Nawaambia vijana wanaonisikiliza kijiweni: jambo lililomtajirisha mtu huyu lilikuwa namna ya kuachia klachi, jambo ambalo nyinyi mnalifanya mara mia kwa siku bila kulifikiria.

Mwaka 1969 alishinda tena, Wembley. Mwaka 1970 fainali ikapelekwa Wrocław, Poland, mara ya kwanza nchi hiyo kuandaa fainali ya dunia, na Wapolandi Paweł Waloszek na Antoni Woryna wakiwa na uwanja mzima nyuma yao. Mauger akapata 15 kati ya 15. Mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Wamarekani wawili, George Wenn na Ray Bokelman, walikuwa wamemwahidi kwamba akishinda ya tatu wataipaka dhahabu pikipiki yake. Wakatimiza. Pikipiki hiyo ya dhahabu imehifadhiwa katika Makumbusho ya Canterbury mjini Christchurch, mji ule ule alioutoka, akaurudia bila kitu, akautoka tena.

Akaongeza ubingwa wa nne mwaka 1972. Katika klabu, alikuwa Belle Vue ya Manchester ilipochukua ligi ya Uingereza miaka mitatu mfululizo, 1970, 1971 na 1972, kisha akaenda Exeter, kisha Hull. Sitayapitia yote.

Lakini mwaka 1973 siupiti hivi hivi. Fainali ilikuwa Chorzów, Poland, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Mauger na kijana wa nyumbani, Jerzy Szczakiel, wakamaliza wakiwa sawa kwa pointi, ikabidi wakimbie wawili peke yao kuamua. Szczakiel alikuwa na miaka 24 na wachache walimpa nafasi ya kushinda kabla ya siku ile. Utepe ukaruka, Szczakiel akawa mbele. Mauger akajaribu kumpita, akamgusa nyuma, akaanguka. Bingwa mara nne amekaa kwenye udongo, na Poland imepata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa mbio za mtu mmoja mmoja. Ninapenda jambo moja kuhusu anguko lile: aliinuka akiwa mzima. Aliinuka kwa sababu kila kitu pale kilikuwa kimepangwa kwa kudhani kwamba mtu ataanguka. Dereva wa spidiwei anafungwa kamba mkononi iliyounganishwa na swichi ya injini. Akirushwa, kamba inachomoka na injini inazima yenyewe. Daktari yupo ndani ya uwanja, gari la wagonjwa lisipokuwepo mbio hazianzi, na wote wanakwenda upande mmoja. Hakuna lori la kutoka Sirari linalokuja usoni kwako.

Mwaka 1979, hapo hapo Chorzów, alirudi akashinda ubingwa wake wa sita, ikiwa imebaki takribani mwezi mmoja atimize miaka 40. Kati ya ushindi huo na ule wa nne alikuwa ameshachukua wa tano, mwaka 1977 mjini Gothenburg. Lakini turudi nyuma kidogo: mwaka 1971, baada ya zile tatu mfululizo, aliyemnyang'anya taji alikuwa Ole Olsen wa Denmark. Na Olsen huyo alikuwa mwanafunzi wake! Alipita kwenye shule ya mafunzo aliyoiendesha Mauger, akamfuata Newcastle mwaka 1967, akala naye, akaangalia jinsi anavyofanya kazi, kisha akamshinda mwalimu wake mbele ya dunia. Olsen akawa bingwa mara tatu, na Denmark, iliyokuwa haina jina katika mchezo huu, ikawa taifa kubwa. Mauger aliendelea kufundisha vijana kwa miaka mingi. Malkia wa Uingereza alimpa nishani mara mbili, mwaka 1976 na 1989. Alifariki Aprili 2018 huko Gold Coast, Australia, akiwa na miaka 78, baada ya ugonjwa uliomnyang'anya kumbukumbu.

Sitaki mtu afikiri nawasimulia mchezo wa salama. Briggs alipoteza kidole katika fainali ya Wembley ya 1972. Mwingereza Lee Richardson alifariki Mei 2012 baada ya kugonga uzio huko Wrocław. Darcy Ward wa Australia, kijana ambaye wengi waliamini atakuwa bingwa wa dunia, alianguka Agosti 2015 huko Poland akiwa na miaka 23, na hajatembea tena kwa miguu yake. Kwa sababu ya mikasa kama hiyo viwanja vikubwa vimewekewa uzio wa kujazwa upepo kwenye kona, na Uingereza kuna mfuko maalumu wa kuwasaidia madereva walioumia, ambao mashabiki huuchangia kwa hiari. Mchezo umekubali kwamba utaumiza watu, kwa hiyo ukajiwekea wajibu juu ya watu hao.

Sasa turudi Musoma.

Umewahi kusimama kando ya barabara msafara wa msiba wa dereva wa bodaboda unapopita? Pikipiki zinakuja kwa makumi, honi zimebanwa, majani ya mti yamefungwa kwenye taa. Mbele kuna gari lenye jeneza. Halafu utamwona mmoja amesimama wima juu ya kiti, mikono ameiachia, mwingine amenyanyua gurudumu la mbele na anakwenda hivyo hivyo mita 50 kwa gurudumu moja, kofia ngumu hana, machozi yanamtoka. Wazee wanasema ni uhuni. Mimi naona vijana ambao hawana namna nyingine ya kumheshimu mwenzao isipokuwa kwa kuonyesha ile kazi ambayo yeye na wao waliiweza. Naona pia kipaji kikubwa, na naogopa, kwa sababu najua wiki mbili baadaye msafara unaweza kuwa wa huyo aliyesimama kwenye kiti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba sehemu kubwa yao ni watu wa pikipiki, bajaji na vyombo vya namna hiyo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hayo tumeyasikia sana, na trafiki wanayasema kila wiki. Yapo mengine ambayo hatuyasemi.

Kijana anapewa pikipiki kwa mkataba. Kila jioni hesabu ya tajiri mwenye pikipiki lazima ifike, mvua inyeshe isinyeshe, homa imshike isimshike. Siku ya kujifunza haimo kwenye mkataba. Wenye nidhamu na nafasi wanakwenda chuo cha ufundi cha VETA wanasoma, nawapongeza kwa moyo wote, lakini wengi hawaendi, kwa sababu siku aliyokaa darasani ni siku asiyo na hesabu. Akianguka, bima ndogo aliyokata haimlipi yeye. Imewekwa kwa ajili ya mtu atakayegongwa naye. Wenzake watachangishana kijiweni, elfu mbili mbili, mpaka waishiwe. Kisha atakaa nyumbani na vyuma mguuni, na pikipiki atapewa kijana mwingine ambaye juzi tu alikuwa anaosha magari.

Jirani zetu wameanza kujenga kitu. Uganda kuna viwanja vya motokrosi, Busiika katika wilaya ya Luwero na Garuga karibu na Entebbe. Motokrosi ni ya kuruka vilima, na pikipiki zake zina breki, lakini ni ndugu wa spidiwei. Kule mtoto mdogo anaanza na pikipiki ya cc 50, anapanda hadi 65, hadi 85, hadi 125, kila daraja na umri wake, mpaka afike kwa wakubwa. Arthur Blick Junior, mmoja wa majina makubwa ya mchezo huo Uganda, amelelewa na ngazi hiyo katika familia ya wanamichezo ya magari na pikipiki. Nairobi wana uwanja wa Jamhuri. Ni kweli kwamba mchezo huo huku Afrika Mashariki umekuwa wa familia zenye uwezo, pikipiki ya mtoto tu ni bei ya kuogopesha, na siwezi kuwaambia wazazi wa Nyasho au Bweri waende wakanunue. Ninachokitamani ni ile ngazi. Kwamba mtu hapandi hatua ya tatu kabla hajaikanyaga ya kwanza na ya pili.

Sisi kiwanja cha kufundishia tunaweza kukipata. Viwanja vya shule vipo wazi Jumapili. Mipira ya magurudumu iliyokwisha ya kupanga kona ipo kwa mafundi. Maji ya kulowanisha udongo ili mtu ajifunze kuteleza mahali ambapo hakuna lori, tuna ziwa zima. Chama cha madereva kinaweza kukubaliana kwamba kijana mgeni atakaa miezi kadhaa chini ya dereva mzoefu, akibeba mizigo kabla hajabeba watu, na tajiri akubali hesabu ndogo kwa miezi hiyo. Najua tajiri atalalamika. Nitamjibu kwa hesabu anayoielewa: pikipiki moja iliyokunjamana imeshamla fedha nyingi kuliko hiyo nafuu. Na elfu mbili mbili za kuchangishana baada ya ajali zinaweza kuwa mia tano mia tano za kila wiki kabla ya ajali, zikakaa benki kwa jina la chama.

Walimu ndio ambao watu huniambia hatuna, na hapo siwaelewi. Mauger alifundishwa na Jack Young, mtu aliyekuwa anamaliza. Olsen alifundishwa na Mauger. Hapa Musoma tuna watu walioanza kuendesha tangu pikipiki hizi za biashara zilipoingia, wanaijua barabara ya Bunda na ya Butiama usiku na mchana, kiangazi na masika, na hawajawahi kumwangusha abiria. Tuna wengine waliovunjika mguu mara moja, wakaachwa, na leo wanauza vocha kwa huzuni ilhali vichwani mwao wamebeba elimu ambayo kijana wa miaka 18 angeilipia. Aliyeanguka anajua kwa nini alianguka, na kumweka pembeni kwa sababu alishindwa ni kumfanyia lile ambalo lingemmaliza Mauger mwaka 1958.

Kwa hiyo nina ombi. Kama umeendesha kwa miaka mingi, au uliendesha ukaumia na sasa hupandi tena, na uko tayari kuwakalisha vijana ukawaonyesha kazi, tupigie baada ya taarifa ya habari. Namba zetu mnazo. Viongozi wa vijiwe vya Mwigobero, Nyasho, Mukendo na stendi ya Bweri nao nawaomba wapige, waseme wana vijana wangapi wapya mwezi huu. Tutaandika majina hapa hapa, na juma lijalo saa hii hii tutakaa pamoja studio kupanga Jumapili ya kuanzia.